Ziwa Nimelipa Kisogo

Jumatatu, 4 Agosti

Wameniita kikaoni. Mimi! Fundi wa mabango yote ya mji huu, nimesimamishwa mbele ya meza kama mwanafunzi mtoro.

Mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba za wageni ana miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani, na zote zilikuwa zinanitazama. Amesema kibanda changu cha rangi, kile cha kona ya barabara ya gati, ni mali ya chama. Kweli. Amesema wateja wa mabango ya mkono wamekwisha, kila mtu anachapisha kwa mashine. Uongo. Hawajakwisha. Amebaki mmoja.

Kisha akasoma malalamiko ya wageni. Mji huu wote ni maji tu: kuogelea, kupiga makasia, kuvua, kupanda boti. Asiyependa maji anakaa chumbani anahesabu vibao vya dari. Na Nahodha, ambaye ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye boti tatu na meno mengi, anakitaka kibanda kiwe stoo ya majaketi ya kuelea.

Mkono ukanyanyuka wenyewe. Nikasema nina mpango kamili wa kuwatembeza wageni nchi kavu. Sikuwa nao. Mwenyekiti akanipa mpaka Jumamosi saa kumi jioni nilete saini kumi kwenye kitabu cha wageni. Kila mgeni aandike kwa mkono wake alichokifurahia mbali na maji. Zikitimia, kibanda changu. Zisipotimia, cha Nahodha. Hapo Nahodha akajitia huruma, akasema nikishindwa nisihofu, ataniajiri nisimame gatini na jaketi la rangi ya machungwa nikimwitia abiria.

Thubutu! Miaka ishirini na miwili nimo ndani ya kibanda kile. Sakafu yake ina kila rangi niliyowahi kuichanganya. Nitatolewa pale na brashi mkononi.

Mke wangu ameuliza mpango wenyewe ni upi. Nimemwambia ni siri. Amesema anaona ni siri hata kwangu.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango umepatikana! Saa moja asubuhi, napiga mswaki.

Niandike hapa jambo moja, kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu. Mimi na ziwa hatusemezani. Siku ya harusi yangu Nahodha alitupakia wote kwenye boti, ati bibi harusi avushwe kwa heshima. Hatukufika mbali. Nililala sakafuni mwa boti na suti ya kuazima, nikatapikia viatu vya baba mkwe. Tangu siku hiyo ukweni naitwa Nanga, kwa sababu nilikwenda chini na sikuinuka mpaka nilipovutwa. Miaka ishirini na tisa ya Nanga! Nami ziwa nimelipa kisogo. Barabara ya gati napita nikitazama maduka. Barazani nageuza kiti. Halijaniona uso tena.

Sasa mpango. Ziara ya Nchi Kavu, vituo vinne. Kwanza ukuta wa sokoni, wenye mabango yangu kumi na moja. Pili posta, wana saa kubwa ya ukutani. Tatu nyumba ya mama mkwe, kongwe kuliko zote mtaani. Mwisho kilima kilicho nyuma ya kiwanda cha matofali, kwa mandhari. Nimepaka mabango manane yenye mishale, nikayapigilia mbele ya nyumba za wageni: ZIARA YA NCHI KAVU. HAKUNA MAJI KABISA. Herufi za bluu, kivuli chekundu. Kazi ya mtu mzima.

Saa tisa Mwenyekiti amekuja mbio, miwani ya kichwani imeshuka puani juu ya ile nyingine. Familia mbili zimefunga virago. Wamesoma mlangoni kwamba hakuna maji kabisa, wakadhani mabomba yamekauka. Nimemweleza kwamba kosa ni la wasomaji. Ameyang'oa mabango sita kwa mikono yake.

Mawili yamebaki. Yanatosha.

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi nimekwenda kukagua kilima. Njia ni moja, inapita ndani ya kiwanda cha matofali. Kwenye lango bango langu la miaka tisa iliyopita bado lipo: JUMAMOSI TUNAFUNGA SAA SITA. Nimesimama kulitazama robo saa nzima. Tazama hizo S! Mgongo umenyooka, tumbo ndani, hakuna rangi iliyochuruzika. Mashine gani itakupa S kama zile? Mlinzi wa lango, mzee mmoja mkali anayetembea na mnyororo na kufuli, akaja akaanza kunieleza jambo kuhusu Jumamosi. Nikamuuliza kama anaona S ya tatu ilivyokaa. Akasema haoni. Watu wengine hawana jicho.

Sehemu ya mwisho ya kilima nimeipanda kinyumenyume ili nisilione ziwa. Mandhari safi kabisa: kiwanda, mapaa ya mabati, nguo zimeanikwa. Nikashuka nimeridhika.

Mchana nimepata wageni! Wawili, mwalimu mstaafu na dada yake. Mwalimu aliwahi kutumbukia mtoni utotoni, tangu hapo maji anayaona kwenye glasi tu. Mwanamke wa maana. Ukutani walitazama kwa adabu. Posta, karani akauliza tunatuma nini. Nikasema tumekuja kutazama saa. Akasema saa mbovu, ina miaka sita haitembei. Nikasema ndiyo maana tumeifuata. Akatutoa nje.

Kwa mama mkwe sikutoa taarifa, nilitaka wageni waone maisha yenyewe. Tumemkuta uani na beseni la njegere. Nikaanza historia ya mlango. Mama mkwe akauliza kama nimewaleta watoto wa watu waje wasimame jua kali. Akawapa viti, akawagawia njegere wamenye. Saa mbili na nusu! Wamemenya, wamecheka, wamesimuliana habari za magoti na wajukuu. Ya harusi nayo ikatoka, yote, mpaka rangi ya viatu vya marehemu mumewe. Mwalimu alicheka akashikilia ukuta. Kilimani hatukufika.

Wakaomba kitabu wasaini. Nikachungulia begani kwa mwalimu. Anaandika kwamba hajawahi kufurahia mchana kama huu, akimenya njegere. Njegere! Hazimo kwenye ratiba! Nimekivuta kitabu kabla hajafika kwenye saini. Nimewaambia waziwazi kwamba kitabu hiki si cha njegere.

Mke wangu alipopata habari alinimiminia chai kwanza. Kisha akasema saini mbili ni saini mbili. Hana habari na msimamo, mke wangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nahodha ameingia kibandani bila hodi, na tepu ya kupimia. Amepima ukuta nikiwa nimeuegemea. Ameniomba niinue mguu. Nimeuinua, kisha nikajuta. Akapigilia msumari, akatundika jaketi moja la machungwa, akasema ni la majaribio tu. Akatazama mabega yangu, akasema saizi ni hiyohiyo.

Alipotoka nimeligeuza jaketi litazame ukuta.

Nikajibu mapigo. Nimekwenda gatini, mgongo kwa maji, nikawaeleza abiria waliokuwa wanapanga foleni kwamba boti zote tatu nimezipaka rangi mimi, na ninakijua kila kitundu nilichokiziba kwa rangi. Wanne wakatoka kwenye foleni pale pale. Moyo ukaruka! Nikawakaribisha Ziara ya Nchi Kavu. Wakasema asante, wakavua mashati, wakaenda kuogelea.

Nahodha ametoka mishipa ya shingo. Amesema mbele ya watu kwamba mimi si nanga tena, nanga ina kazi yake.

Sikula mchana. Nilikaa kibandani mlango nimeurudisha. Pale chini, karibu na ndoo ya thina ya kuzimulia rangi, ile inayochoma macho, kuna A kubwa ya kijani imepinda. Binti yangu aliiandika akiwa na miaka mitatu, herufi yake ya kwanza. Leo ni mhasibu mji mwingine, na A yake ipo. Watatundika majaketi yanayodondosha maji juu yake. Jambo hili limeniuma, naandika kama lilivyo.

Lakini bado siku mbili. Sijakunja jamvi.

Ijumaa, 8 Agosti

Upepo! Upepo wa ajabu, tangu alfajiri! Mabati yanapiga makofi, na gatini wamepandisha bendera nyekundu. Boti zote tatu zimefungwa. Nahodha amekaa juu ya kreti ameshika tama. Nimepita mbele yake mara nne. Sikuwa na shughuli upande ule.

Bahati haikuishia hapo. Jana jioni walishuka wafanyakazi wa ofisi moja ya mbali, wameletwa na bosi wao wapumzike. Bosi ana filimbi shingoni na hawezi kukaa bila ratiba. Kakaa nusu siku, boti hakuna, kuogelea hakuna, amekaribia kupasuka. Nimemkuta mbele ya bango langu anasoma. Nimemwambia kesho saa tatu asubuhi, vituo vinne, kila kitu kwa dakika. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

Wako kumi na mmoja! Kumi na mmoja! Nina saini ya akiba.

Mke wangu ameuliza tutarudi vipi kutoka kilimani. Nimemwambia tutapandia kiwandani, na tukitaka tutashukia upande wa pili. Akauliza kama nimewahi kufika huo upande wa pili. Nikamwambia mambo ya njia aniachie mimi, nimezaliwa hapa. Akasema yeye pia kazaliwa hapa, na kwamba upande wa pili kuna... Nikamwomba anipasie shati langu la ziara.

Amelipasi.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijavua hata viatu. Naandika hivyohivyo.

Saa tatu kamili filimbi ikalia, tukaondoka. Ukutani Bosi aliwapanga kwa urefu, wakasoma mabango kwa sauti. Nilikaribia kulia kwa furaha. Posta imefungwa Jumamosi, tukatazama saa kupitia dirishani. Kwa mama mkwe niliwapitisha mbio, nimeziba beseni kwa mgongo wangu. Saa nne na nusu tuko kiwandani. Saa tano na robo tuko juu ya kilima.

Nikawapanga mstari, wote wageukie mjini. Nikaeleza mabati, nikaeleza nguo zilizoanikwa. Bosi akauliza kwa nini hatugeuki upande ule mwingine, mbona ndiko unakotoka ubaridi mzuri. Nikasema ratiba hairuhusu. Neno ratiba likamnyamazisha. Msichana wao mmoja wa mapokezi akageuka kwa wizi. Nikampiga jicho akarudi. Nilizungumza kwa dakika sabini, na sijawahi kuzungumza vizuri kama leo. Sikuona hata upepo umetulia.

Tukashuka. Lango limefungwa. Mnyororo, kufuli, na Mlinzi hayupo. Ukuta wa kiwanda una vigae vya chupa juu. Msichana wa mapokezi akatia kichwa kwenye upenyo wa lango, akapinda shingo, akalisoma bango la nje kwa sauti ya taratibu: Jumamosi tunafunga saa sita. Akauliza mjinga gani aliyeandika bango kubwa namna hiyo halafu watu wasilisome.

Miaka tisa. Nimeliandika mwenyewe, nimelisifia juzi tu, na sikuwahi kulisoma.

Nikapiga moyo konde. Nikasema hii ni sehemu ya ziara, sasa tunashukia upande wa pili, kule tutakuta barabara ya stendi. Nikatangulia. Tukapanda tena, tukashuka vichakani, Bosi anapuliza filimbi kila kona. Vichaka vikaisha.

Maji! Mbele maji, kulia maji, kushoto maji! Kilima kile ziwa limekizunguka pande tatu! Miaka hamsini na minne naishi chini yake, hakuna aliyeniambia! Au waliniambia. Nilikuwa nimegeukia kwingine.

Msichana wa mapokezi alikuwa na ufunguo wa chumba mfukoni. Kwenye kibao cha kila ufunguo mjini hapa imeandikwa namba ya simu ya Nahodha. Herufi nzuri, zinasomeka hata gizani. Zangu.

Nahodha alifika kwa nusu saa, boti kubwa, na mbele yake amekaa mke wangu. Wageni wakapanda wakishangilia. Mimi nikakaa juu ya jiwe. Nikasema nitasubiri hapo mpaka Jumatatu, lango likifunguliwa nitatoka kwa miguu yangu. Nahodha akasema kwaheri, akawasha injini. Mke wangu akamwambia azime. Akashuka, maji yakamfika magotini, akanishika mkono. Hakuniita Nanga. Aliniambia tu kwamba saa kumi inakaribia na kitabu ninacho mimi.

Nimepanda. Kinyumenyume.

Yaliyofuata siyaandiki. Nililala palepale pa siku ile. Kofia nimelitupia ziwa, na sitairudia.

Saa kumi kasoro dakika tano tuliingia ukumbini. Saini kumi na moja, wamesaini kwenye boti, mstari mmoja! Nikampa Mwenyekiti kitabu bila kukisoma. Akasoma yeye, kwa sauti, mbele ya chama kizima. Wa kwanza kafurahia boti. Wa pili boti. Wa tatu boti. Bosi kafurahia boti na nidhamu ya nahodha. Msichana wa mapokezi ameandika kwamba boti ilikuwa tamu na mzee aliyelala sakafuni aliwachekesha sana.

Mwenyekiti akavua miwani zote mbili. Akauliza kama kuna hata mgeni mmoja aliyefurahia nchi kavu. Nyuma kabisa akasimama mwalimu mstaafu na dada yake. Wakasema wao wamefurahia sana, tena kila siku wanarudi kumenya njegere, ila mwenye kitabu aliwakatalia wasiandike.

Ukumbi mzima ukanigeukia. Sikuwa na pa kugeukia mimi.

Jumapili, 10 Agosti

Kibanda ni cha Nahodha. Nimehamisha makopo asubuhi, watu wakitoka kununua mkate. Nilipofika kwenye ile A ya kijani nikakaa chini, nikalia. Sisingizii thina.

Nahodha amekuja amenikuta hivyo. Hakucheka. Amesema pembe ile ibaki na makopo yangu, yeye hahitaji kona zote nne, na pale penye A hapatawekwa mtu wala jaketi. Hili sikulitarajia. Nimeudhika siku nzima, maana sasa sina hata wa kumchukia vizuri. Jaketi nimelivaa. Linanikaa sawasawa, ndilo linaloniudhi zaidi.

Chama kimempa mama mkwe ziara ya nchi kavu! Mabeseni matatu, viti kumi na wawili, saa tatu mpaka saa sita. Leo wamekuja tisa. Hakuna mshale hata mmoja! Hakuna ratiba! Nimemwambia haitadumu. Amenipa beseni langu, akaniambia nimenye.

Jioni Nahodha amenipa kazi. Anataka bango jipya juu ya kibanda, kubwa, la kumwonyesha mgeni boti ziko wapi. Amesema kwa mkono, si la mashine. Amesema hakuna mtu anayepaka kama mimi.

Nimemwahidi bango la kukumbukwa.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandikia juu ya kilima. Saa sita kasoro dakika chache, jua kali, kitabu kipya mkononi. Nimekinunua mwenyewe, chama hakihusiki.

Bango nimelipandisha saa kumi na mbili asubuhi, Nahodha akiwa bado anakunywa chai. BOTI SALAMA, HUKU. Herufi urefu wa mkono mzima. Mshale nimeuchora kwa uangalifu kuliko kazi zote za maisha yangu. Unaelekea kilimani.

Na wanakuja! Nawaona kule chini wanapita kiwandani, wamevaa kofia pana, wamebeba taulo, mmoja ana mtoto na boya lake la kuchezea. Nawahesabu kumi na wanne. Wakifika nawapanga mstari, wageukie mjini, halafu tuone kama wataandika njegere. Mke wangu asubuhi ameniuliza nimejifunza nini wiki iliyopita. Nimemwambia nimejifunza kwamba saini lazima zichukuliwe mapema, huku huku juu.

Mlinzi anapiga kelele kule langoni. Anapunga mikono, ananionyesha mnyororo, sijui anataka nini mzee huyu. Sina muda naye. Ila kutoka hapa bango langu la langoni naliona vizuri, hata kwa nyuma, na najua zile S hazijatetereka.